Shairi Lisilo na Jina: Jinsi Upanga Ulivyoitwaa Ardhi ya Japani

Katika kiangazi cha mwaka 1183 ukoo wa Taira uliukimbia mji mkuu wa Japani, Kyoto. Maadui zao wa ukoo wa Minamoto walikuwa wamekwisha kukaribia. Wakubwa hao, ambao kwa zaidi ya miaka 20 hapakuwa na neno lililopita bila ya idhini yao, waliyatia moto majumba yao wenyewe, wakamchukua mfalme mtoto, wakashika njia ya magharibi kuelekea baharini. Masimulizi ya Heike, kisa kirefu kilichokuwa kikighaniwa na vipofu kwa kinanda cha nyuzi kiitwacho biwa, yanaeleza kwamba kamanda wao mmoja, Taira no Tadanori, alikata njia akarudi mjini na wapanda farasi wachache, akabisha lango la mzee Fujiwara no Shunzei, bingwa wa ushairi wa zama hizo. Watu wa nyumbani waliingiwa na hofu. Shunzei akaamuru lango lifunguliwe. Tadanori akatoa ndani ya deraya yake msokoto wa karatasi wenye mashairi zaidi ya 100, akamwomba mwalimu wake kwamba, nchi itakapotulia na diwani ya kifalme ikakusanywa, amtilie humo japo shairi moja. Kisha akajifunga kofia yake ya chuma, akaenda zake. Mwaka uliofuata aliuawa vitani, pwani ya Ichi-no-tani.

Diwani ilikamilika mwaka 1188, nayo ikaitwa Senzaishu. Shunzei alikuwa ametimiza ombi, lakini kwa nusu. Shairi limo, na linazungumzia maua ya mcheri wa mlimani yanayochanua katika mji mkuu wa kale uliokwisha kuhamwa. Jina la mtunzi halimo. Mahali pa jina pameandikwa kuwa mtunzi hajulikani, ilhali kila aliyekuwa na sikio la ushairi mjini Kyoto alijua. Tadanori alikuwa amehesabiwa adui wa kiti cha enzi, na adui wa kiti cha enzi haandikwi katika kitabu cha mfalme.

Ili kulipima jambo hili kwa uzito wake, yapasa kujua shairi lilikuwa nini kwa watu wale. Waka, shairi la Kijapani la zama hizo, lina mizani 31 katika vipande vitano: 5, 7, 5, 7 na 7. Halina vina. Mshairi wa pwani aliyezoea kubana vina vya kati na vya mwisho huenda akaliona kama nyumba isiyo na milango, lakini ndani ya mizani hizo chache waliweza kutia msimu, mahali, huzuni na dokezo la shairi la mtu aliyekufa miaka 300 kabla. Kasrini hakuna aliyepanda cheo, aliyeoa wala aliyeomba radhi bila ya kutunga. Wafalme waliamuru diwani zikusanywe kwa jina lao. Kuanzia Kokinshu ya mwaka 905 hadi ya mwisho ya mwaka 1439 zilipatikana 21. Kuwamo ndani yake kulikuwa ni kubaki duniani. Na waliokuwa wakichagua nani abaki ni watu wa kasri, ambao hawakuwa na jeshi.

Hapa ndipo penye swali. Imekuwaje dola iliyotawaliwa kwa kalamu ikaangukia mikononi mwa watu wa mata na mishale?

Jibu limo mashambani. Sheria za mwaka 701, zilizofuata mfano wa China, zilikusudia kwamba ardhi yote ya mpunga iwe chini ya mfalme, igawiwe kwa familia kwa idadi ya watu wake, na kodi iende mji mkuu. Utaratibu huo ulihitaji sensa, makarani na uaminifu, na vyote vitatu vilipunguka. Mwaka 743 serikali, ikiwa na hamu ya kuona makonde mapya yakifunguliwa, iliruhusu kwamba anayefyeka pori na kulilima alimiliki daima. Waliokuwa na uwezo wa kufyeka pori kubwa ni mahekalu na wakubwa wa kasri. Ndivyo yalivyozaliwa mashamba yaliyoitwa shoen, na baada ya muda mengi yakapata msamaha wa kodi, kisha haki ya kumzuia hata ofisa wa jimbo asikanyage humo.

Mkulima mwenye konde, au mkubwa mdogo wa kijijini, aliyeona gavana anamkamua, aliikabidhi ardhi yake kwa hekalu au kwa bwana wa Kyoto. Hakuihama. Aliendelea kuisimamia na kula sehemu ya mavuno, na bwana akapokea sehemu yake kwa kumkinga. Bwana huyo naye, akihofia mwenye nguvu kumpita, aliipeleka kinga juu zaidi, kwa ukoo wa Fujiwara au kwa mfalme aliyejiuzulu. Shamba moja likawa na wenyewe wanne au watano, kila mmoja na fungu lake la mpunga, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kwa haki kwamba ardhi ni yake peke yake. Mafungu hayo yaliitwa shiki: haki iliyoambatana na kazi, ikirithiwa, ikigawiwa watoto wa kiume na wa kike, ikishindaniwa mahakamani. Mshairi wa Kyoto aliyeandika juu ya umande wa vuli alikula mpunga wa kijiji ambacho pengine hakupata kukiona maishani.

Mradi mpunga ulifika, mambo yalikwenda. Lakini nani ahakikishe kuwa umefika? Serikali ilikuwa imevunja jeshi lake la wakulima katika majimbo mengi tangu mwaka 792. Kazi ya kukamata wezi, kulinda maghala na kutisha wadaiwa iliangukia watu wa mikoani waliojua kupanda farasi na kupiga mishale. Wengi wa viongozi wao hawakuwa watu wa kutoka chini. Taira na Minamoto wenyewe walikuwa vizazi vya wafalme, watoto waliozidi idadi, waliopewa jina la ukoo na kutolewa katika nyumba ya kifalme ili wasiilemee hazina. Hata neno samurai, asili yake ni kutumikia, kumsubiri bwana. Mmoja wao, Taira no Masakado, alijitangaza mwaka 939 kuwa mfalme mpya upande wa mashariki. Aliuawa mwaka uliofuata, na aliyemuua hakuwa jeshi la kasri bali wapiganaji wengine wa mikoani. Kasri ilijifunza kumwondoa mwiba kwa mwiba, na kwa miaka 200 hila hiyo ilifaa.

Ilikoma kufaa pale wakubwa wa kasri walipoanza kuwaita wapiganaji hao ndani ya mji ili wawaamulie ugomvi wao wa urithi. Vita vya mwaka 1156 na vya mwaka 1159 vilikuwa vidogo, lakini baada yake Taira no Kiyomori alijua siri: aliyemwokoa mfalme anaweza pia kumchagua. Mwaka 1167 alifikia cheo cha waziri mkuu wa dola, na mwaka 1180 mjukuu wake, Antoku, akawa mfalme akiwa mtoto mdogo. Kiyomori, hata hivyo, hakujenga utawala mpya. Aliingia katika nyumba ya Wafujiwara akavaa nguo zao, na wanawe wakajifunza kutunga. Tadanori, aliyekuwa nduguye, alikuwa tunda la malezi hayo.

Aliyejenga kitu kipya ni mfungwa. Minamoto no Yoritomo alinusurika kuuawa akiwa kijana, baba yake aliposhindwa, akahamishiwa Izu mwaka 1160. Aliishi huko miaka 20 akiwatazama watu wa mashariki na kufahamu kilio chao. Watu hao waliisimamia ardhi kizazi baada ya kizazi, lakini usimamizi wao ulitegemea barua ya bwana wa mbali, na barua hiyo ingeweza kufutwa kwa barua nyingine. Yoritomo alipoinuka mwaka 1180 hakuwaahidi pepo. Aliwaandikia hati: ardhi yako ni yako, na atakayeigusa atanikuta mimi. Kwa mujibu wa sheria hakuwa na mamlaka hata chembe ya kuandika hati hizo. Walizipokea wakampigania.

Vita viliisha mwaka 1185 katika mkondo wa bahari wa Dan-no-ura, ambako merikebu za Taira zilishindwa, na bibi yake Antoku akamkumbatia mfalme huyo mdogo akajitosa naye majini. Mwishoni mwa mwaka huohuo Yoritomo alipata kwa kasri ruhusa ya kuweka watu wake katika majimbo kuwa walinzi, na katika mashamba kuwa wasimamizi, ambao kwa Kijapani waliitwa jito. Mwaka 1192 akapewa cheo cha shoguni. Serikali yake ilikaa Kamakura, mwendo wa wiki mbili kutoka Kyoto, na baadaye utawala wa namna hiyo ukajulikana kwa jina la bakufu, yaani serikali ya hema, kana kwamba jenerali amepiga kambi tu na kesho atang'oa vigingi. Hema hilo halikung'olewa. Mfalme aliachwa mahali pake, mahekalu yaliachwa, mabwana wa Kyoto waliachwa na mafungu yao. Kilichobadilika ni kwamba kila penye msimamizi wa Kamakura, bwana hakuweza tena kumfukuza aliyemletea mpunga.

Hapana budi kusema neno juu ya istilahi. Vitabu vingi huuita mfumo huu ukabaila, na wengine wangependa kusema umwinyi. Jina halikosi maana, kwani pana bwana, pana mfuasi aliyeapa kumtumikia, na pana ardhi iliyo malipo ya damu. Lakini Jeffrey Mass, mwanahistoria wa Marekani aliyezisoma hati za Kamakura moja baada ya moja, alishikilia kwamba zama hizo zilikuwa na serikali mbili zilizoegemeana, na kwamba ukuu wa kasri haukuvunjika kwa haraka kama ilivyodhaniwa. Hoja yake ina nguvu. Anayetafuta bwana wa kijeshi anayeimiliki nchi nzima ya jimbo lake, asiye na mwenziwe juu wala kando, atampata karne ya 15 na ya 16, si mwaka 1192. Zama za Yoritomo ni mlango tu, na kwenye mlango huo kalamu na upanga vilikuwa bado vikisalimiana.

Kumbukumbu za Kamakura zina kisa kimoja cha salamu hizo. Mwaka 1186 Yoritomo alimwona mtawa mzee katika viwanja vya hekalu. Alikuwa Saigyo, mshairi mkubwa kuliko wote wa kizazi chake. Zamani alikuwa mpiganaji katika ulinzi wa mfalme aliyejiuzulu. Mwaka 1140, akiwa na miaka 23 kwa hesabu ya Kijapani, aliyaacha yote akanyoa kichwa. Yoritomo alimkaribisha, akamwuliza habari za ushairi na za upigaji mishale. Juu ya ushairi mtawa hakuwa na mengi ya kusema. Juu ya farasi na mishale alizungumza usiku kucha. Alipoondoka alipewa paka wa fedha. Alipofika nje ya lango akampa mtoto aliyekuwa akicheza pale. Safari yake ilikuwa ya kuomba mchango wa kulijenga upya hekalu kuu la Todaiji huko Nara, lililoteketezwa na jeshi la Taira.

Yoritomo alikufa mwaka 1199. Wanawe wawili walimfuata katika cheo, na wote wawili waliuawa. Wa pili, Sanetomo, anastahili kukumbukwa na kila apendaye ushairi. Alikuwa shoguni tangu mwaka 1203, lakini amri ilikuwa mikononi mwa jamaa za mama yake, ukoo wa Hojo. Alimwandikia Fujiwara no Teika, mwana wa Shunzei, akampelekea mashairi yake ayasahihishe. Mwalimu akamrudishia maelezo, na mwaka 1213 nakala ya diwani ya kale, Man'yoshu. Sanetomo alitamani kwenda China. Aliamuru ijengwe merikebu kubwa, na fundi alikuwa Mchina aliyewahi kusaidia kusubu upya sanamu kuu ya Nara. Mwaka 1217 mamia ya watu waliivuta merikebu hiyo hadi pwani. Haikuelea. Iliachwa mchangani ikaoza. Miaka miwili baadaye, usiku wa theluji, mtoto wa kaka yake alimvizia kwenye ngazi za hekalu la Hachiman akamkata kichwa. Hakuwa ametimiza miaka 27. Ameacha diwani iitwayo Kinkaishu, na baadhi ya mashairi yake ya bahari yana nguvu ambayo watu wa Kyoto, waliozoea vidimbwi vya bustani, hawakuwa nayo.

Kyoto wakati huo kulikuwa na mfalme aliyejiuzulu, Go-Toba, mtu wa vipaji vya kutisha. Aliwaweka Teika na wenzake kukusanya diwani ya nane ya kifalme, Shin Kokinshu, akakaa nao akichagua na kubishana nao. Iliwasilishwa mwaka 1205, ikiwa na mashairi karibu 2000. Saigyo, aliyefariki mwaka 1190, anaongoza kwa mashairi 94. Yoritomo naye yumo. Go-Toba alipenda pia panga, hata akawaita wafuaji kasrini kwa zamu, na inasemekana akafua kwa mkono wake. Alipouawa Sanetomo aliona nafasi imefika. Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye jambo ambalo kwa sasa msomaji atalitambua: aliitaka Kamakura iwaondoe wasimamizi wake katika mashamba mawili ya jimbo la Settsu, aliyompa mwanamke aliyempenda. Ukoo wa Hojo ulikataa. Wangekubali katika mashamba hayo mawili, kila hati ya Yoritomo ingekuwa karatasi tu.

Mwaka 1221 Go-Toba alitangaza vita. Mjane wa Yoritomo, Hojo Masako, ambaye sasa alikuwa mtawa, aliwakumbusha wapiganaji wa mashariki deni lao kwa marehemu, nao wakaondoka. Mwezi mmoja baada ya tangazo, jeshi lao lilikuwa ndani ya Kyoto. Jambo lisilowahi kutukia likatukia: watumishi walimhukumu mfalme. Go-Toba alihamishiwa kisiwa cha Oki, na mwanawe Juntoku kisiwa cha Sado.

Mashamba yapatayo 3000 yalinyang'anywa walioshindwa, na humo wakatiwa wasimamizi wapya. Kiwango chao kilipangwa mwaka 1223: katika kila vipande 11 vya ardhi, kimoja kiwe cha msimamizi bila ya kodi, juu yake akusanye ziada ya mpunga kwa kila konde, na apate nusu ya mapato ya milima na mito. Kwa maandishi, si kikubwa. Kwa vitendo, msimamizi aliishi pale pale, na mwenye fungu la juu alikuwa mbali. Mwaka 1275 wakulima wa shamba la Ategawa, jimbo la Kii, walimwandikia bwana wao kueleza kwa nini mbao alizowadai zimechelewa. Hati yao ipo hadi leo, imeandikwa karibu yote kwa herufi nyepesi za sauti, na ndiyo inayoipa thamani yake. Wanasema kila wanapokwenda kukata miti msimamizi huwarudisha wakamlimie yeye, na wasipotii hutishia kuwakata wake zao masikio na pua na kuwafunga kamba. Diwani 21 za kifalme hazina sauti kama hiyo.

Go-Toba aliishi Oki karibu miaka 18, hadi alipofariki mwaka 1239. Huko aliirudia Shin Kokinshu, akaondoa mamia ya mashairi, akaiona hiyo iliyopunguzwa ndiyo ya kweli. Kyoto, wakati huo, Teika alikabidhiwa kazi ya kukusanya diwani mpya peke yake. Alikuwa mzee sasa. Katika ujana wake, vita vya Taira na Minamoto vilipoanza, shajara yake inaeleza kwamba mambo ya bendera na maasi hayamhusu, ingawa wapo wataalamu wanaoona aliongeza maneno hayo baadaye. Diwani ilipokuwa karibu kumalizika, wakubwa wa kasri walimtaka ayatoe mashairi ya wafalme waliohamishwa, ili Kamakura isikasirike. Aliyatoa. Mwaka 1235 kitabu kilitoka bila ya Go-Toba na bila ya Juntoku, kikiwa na mashairi ya wapiganaji wengi kiasi cha watu kukitania kwa jina la mto Uji, ambao katika ushairi wa kale hutajwa pamoja na mashujaa. Baba alikuwa amelificha jina la mpiganaji kwa kuiogopa heshima ya mfalme. Mwana akayafuta mashairi ya mfalme kwa kuwaogopa wapiganaji. Baina ya vitabu hivyo viwili ni miaka 47.

Mkusanyo mdogo wa washairi 100, shairi moja kwa kila mmoja, unaohusishwa na Teika huyohuyo, ndio ambao Wajapani huuchezea karata kila mwaka mpya. Sanetomo yumo, wa 93. Wa 99 ni Go-Toba, na wa 100 ni Juntoku.

Mwaka 1279 mjane wa mwana wa Teika, mtawa aitwaye Abutsu, alifunga safari kutoka Kyoto kwenda Kamakura. Mumewe alikuwa amemrithisha mtoto wake mkubwa, wa mke mwingine, shamba la Hosokawa, kisha akabadili wasia akalitoa kwa Tamesuke, mtoto aliyezaa na Abutsu. Desturi ya Kyoto haikupenda wasia kurudiwa. Sheria ya wapiganaji, iliyotolewa Kamakura mwaka 1232 ikiwa na vifungu 51, ilimruhusu mzazi kumpokonya mwana alichokwisha kumpa. Kwa hiyo mwanamke huyo wa nyumba kuu ya ushairi katika Japani alisafiri takriban siku 14, akitunga njiani, kwenda kuwaomba samurai wamwamulie mpunga wa mwanawe. Safari hiyo aliiandikia kitabu, Izayoi Nikki. Alifariki mwaka 1283, kesi ikiwa haijesha. Hukumu ya mwisho, miaka mingi baadaye, ilimpa haki Tamesuke, ambaye alikaa Kamakura muda mrefu akiwafundisha wapiganaji kutunga.